Kengele ya Mpwa Wangu

Mwaka jana nilikaa miezi minne bila kupoteza hata farasi mmoja bure. Wanaonijua kwenye sataranji hawataamini. Mimi ni mchezaji wa kusahau. Naona shambulio langu hatua tano mbele, nalipenda, nalitunza kama kuku anayeatamia, kumbe ngome yangu ya pembeni imekaa mdomoni mwa adui tangu juzi. Rafiki yangu wa Tanga, ambaye kila mtu humwita Mwalimu ingawa alistaafu zamani, amekuwa akizila kete zangu kwa njia hiyo tangu tulipoanza kucheza mtandaoni, kila mmoja na siku zake tatu za kufikiri hatua moja. Akishakula huniandikia neno moja tu: "Ahsante."

Kilichonibadilisha ni Kengele.

Mpwa wangu anasoma mambo ya kompyuta, na likizo ile alikuja kukaa kwangu Kinondoni. Nikamlalamikia kwamba uzee umeniingia machoni. Akacheka. "Mjomba, hayo si macho, hiyo ni hesabu. Hesabu tumwachie mwenye kazi yake." Tukakaa mezani jioni tatu, mimi naeleza, yeye anaandika. Ya tatu nikaona wivu, nikaomba na mimi niandike. Kipande kinachohesabu miruko ya farasi ni changu, mistari kumi na minne, kilikubali kufanya kazi mara ya tisa. Niliamka usiku kukiangalia.

Programu yenyewe, tuliyoiita Kengele, ni ndogo. Unaipangia kete kama zilivyo ubaoni, nayo inahesabu kila kete yako inashambuliwa na wangapi na inalindwa na wangapi. Ikikuta iliyoachwa yatima, kisanduku chake kinageuka chekundu na mlio unasikika. Basi. Haikwambii uende wapi. Haijui shambulio zuri wala baya. Zile injini kubwa, programu za kucheza sataranji za ukoo wa kompyuta Deep Blue iliyomshinda bingwa Kasparov kule New York mwaka 1997, hazina hata tone lao humo ndani.

Hiyo ndiyo ilikuwa hoja yangu, na niliishikilia miezi yote minne: hakuna injini humu, tumeitengeneza kwa mikono yetu.

Kanuni za mchezo wetu nazo zina ukarimu unaomponza mtu. Ukicheza sataranji ya siku kadhaa kwa hatua moja kwenye tovuti kubwa kama Lichess au Chess.com, unaruhusiwa kufungua vitabu vya ufunguzi na kupekua hazina za michezo ya zamani. Mimi nina daftari la jalada gumu nililoanza kuliandika nikiwa kijana, lina kila mtego niliowahi kunasa. Nalo limetengenezwa nyumbani, nalo linanisaidia, na hakuna anayelikataza. Kinachokatazwa ni programu kukupimia hali ya ubao mchezo ukiwa bado unaendelea. Nilisoma mstari huo mara mbili. Halafu nikajiambia kwamba Kengele haipimi, inalia tu. Mtu akitaka kujitetea hakosi wakili, maana wakili anaishi naye chumba kimoja.

Baadaye nilikuja kusoma kisa cha Mmarekani mmoja, Michael Donnelly, nikajiona kwenye kioo. Alikuwa mchezaji wa World of Warcraft, ule mchezo wa mamilioni ya watu wanaoua majini na kupanda madaraja, na alikuwa pia mwandishi wa programu. Mwaka 2005 alitengeneza chombo alichokiita Glider, cha kumchezea zile ngazi za mwanzo zinazochosha. Alikitengeneza kwa matumizi yake mwenyewe. Kabla ya kuanza kukiuza alisoma masharti ya kampuni ya Blizzard, wenye mchezo, akaridhika kwamba hakuna mahali palipokataza chombo cha namna hiyo. Akakiuza kwa dola 15 hadi 25. Mwaka huohuo Blizzard wakaleta mlinzi wao, programu iitwayo Warden, ikawanasa wengi waliokitumia na wakafungiwa. Hapo Donnelly akafanya jambo ambalo kwangu ndilo linaloamua kesi yote, hata kabla ya majaji: alikifundisha chombo chake kujificha. Kufikia mwisho alikuwa ameuza leseni kama 120,000 na kuingiza dola milioni 3.5, wakati Blizzard walikuwa wamepokea malalamiko 465,000 ya wachezaji kuhusu vyombo vinavyojichezea. Wakafikishana mahakamani, na Desemba 2010 mahakama ya rufaa ikatoa hukumu ya kukata katikati. Kwamba mchezaji anayetumia Glider amevunja mapatano yake na kampuni, lakini hajaiba hakimiliki. Ila kuuza chombo cha kumkwepa mlinzi, hilo ni kosa la kisheria.

Tofauti yangu na Donnelly ilikuwa dola tu. Mimi pia nilikuwa nimesoma masharti kwa jicho la mtu anayetafuta mlango uliosahauliwa kufungwa.

Lakini kilichonifikirisha zaidi ni kwamba hao hao Blizzard wanaruhusu wachezaji kujitengenezea visaidizi. Wamewapa hata lugha ya kuviandikia. Watu wametengeneza ramani, saa, orodha, vitu vya kupendeza kabisa. Palikuwa na kimoja, Decursive, kilichowasaidia waganga wa kikosi kuwaondolea wenzao laana: unabonyeza kitufe kilekile kimoja, chenyewe kinachagua nani atibiwe kwanza na kwa dawa ipi. Desemba 2006 kampuni ikabadilisha mitambo yake, uchaguzi huo ukarudishwa kwa mchezaji. Chombo kikaendelea kuishi, ila sasa kilionyesha tu nani amelaaniwa. Kuamua na kubonyeza kukabaki kwa mganga.

Nilipofika hapo nilifurahi kidogo. Kumbe kuonyesha kunaruhusiwa! Na Kengele si inaonyesha tu?

Furaha haikufika jioni. Kule kwenye majini, kuona ni mwanzo wa kazi. Bado kuna kukimbia, kulenga, kuwahi, vidole kujua njia. Kwenye sataranji hakuna kingine. Kusogeza farasi hata mtoto anaweza. Kazi nzima, tangu hatua ya kwanza mpaka mfalme anapokwama, ni kuona, na Kengele ilikuwa imechukua kazi hiyo ikaniachia kusogeza mbao. Ile mistari kumi na minne niliivujia jasho kweli, silikani jasho langu. Ila nililivujisha kwenye mchezo mwingine, wa kuandika programu, halafu nikaenda kulidai malipo kwa Mwalimu, mtu asiyejua kwamba mchezo huo ulichezwa.

Naye alikuwa ananilipa kwa moyo mweupe. Siku moja aliandika: "Siku hizi huniachii kitu. Umekuwa mkali, au umeoa tena?" Nilicheka peke yangu, kisha nikaona kicheko hakiteremki.

Nikampigia simu. Nilieleza kila kitu, pamoja na mpwa, jioni tatu na mistari kumi na minne, maana hata katika kuungama mtu hupenda asifiwe. Kimya kikapita, kirefu kiasi cha kunifanya niangalie kama salio limekwisha.

"Inalia mlio gani?" akauliza.

"Kama ya baiskeli."

"Nitumie na mimi."

Sikutegemea hilo. Lakini ana haki, na si wa kwanza kuwaza hivyo. Shirikisho la kimataifa la sataranji ya masafa, ICCF, linawaruhusu wachezaji wake kutumia injini waziwazi, na matokeo yake ni kwamba kwenye ngazi za juu kuna sare juu ya sare. Kasparov mwenyewe, mwaka mmoja baada ya kushindwa na Deep Blue, alikwenda León, Hispania, kucheza na Veselin Topalov wa Bulgaria, kila mmoja na kompyuta yake pembeni. Mwezi mmoja nyuma alikuwa amemfunga Topalov huyohuyo 4 kwa 0 bila mashine. León wakatoka 3 kwa 3.

Mimi na Mwalimu tulicheza mchezo mmoja wa namna hiyo, kila mtu na Kengele yake. Tuliucheza kirafiki pembeni, nje ya tovuti, kwa kutumiana hatua kwa ujumbe wa simu. Ulichukua wiki saba. Hakuna kete iliyoliwa bure, hakuna aliyeandika "Ahsante", tukatoka sare na wafalme wawili wakiwa wamesimama kama walinzi wa benki usiku. Nilimwuliza ameuonaje. Akasema, "Nimecheza na mpwa wako. Kijana mzuri, lakini hana hadithi."

Tovuti haikunifungia. Niliwaandikia, nikaomba ile michezo ya miezi minne ifutwe kwenye hesabu za pointi, wakanijibu kwa barua ya moja kwa moja ambayo nashuku imeandikwa na mashine. Mpwa alikasirika siku mbili hivi. Aliona nimemdharau, na nikamwelewa. Kijana amekutengenezea kitu kizuri, wewe unakwenda kukiombea radhi kwa watu.

Kengele haikufutwa. Kuukagua mchezo uliokwisha hakukatazwi popote, basi imekuwa daktari wa maiti. Ijumaa iliyopita niliiacha ngome yangu ya pembeni, ileile, nikiwa nimezama kwenye shambulio ambalo mpaka sasa naamini lilikuwa zuri. Simu ikatetemeka: "Ahsante." Niliendelea kwa hatua sita za ukaidi, nikajisalimisha. Jumapili nikauingiza mchezo wote, upande wangu na upande wake. Upande wangu ililia mara nne, na zote Mwalimu alikuwa ameziona. Upande wake ililia mara tatu. Mimi sikuona hata moja.