Swali la Mtoto wa Madrasa Kuhusu Goku



Likizo iliyopita nilikuwa nikisaidia kusomesha watoto madrasa hapa Kamembe. Siku moja, baada ya kumaliza Suratul-Ikhlas, mtoto wa miaka kumi hivi alinyoosha mkono: "Mwalimu, Goku akipigana na Allah, nani atashinda?" Wenzake walicheka, kisha wakanyamaza wakinitazama. Nikajibu haraka: "Allah, bila shaka. Nguvu zake ni nyingi zaidi." Mtoto aliridhika. Mimi, usiku, sikuridhika.

Kwa wasioijua, Dragon Ball ni hadithi ya Kijapani iliyoanza kuchorwa na Akira Toriyama mwaka 1984, kisha ikawa katuni ya televisheni. Humo nguvu za mpiganaji huhesabiwa. Kuna hata kifaa cha kuvaa jichoni kinachomsoma mtu na kutoa tarakimu. Goku anafanya mazoezi, anapigwa, anainuka, anapanda daraja. Katika filamu ya mwaka 2013 anapanda hadi daraja la mungu ili apambane na Beerus, mungu wa maangamizi. Baadaye tunaambiwa malimwengu ni 12, kila moja lina mungu wake wa maangamizi, na juu yao wote yuko Zeno, mwenye umbo la mtoto. Yeye anaandaa mashindano, na ulimwengu unaoshindwa anaufuta.

Mtoto aliyezoea hadithi hizo anajua kwamba "mungu" ni cheo. Hapo ndipo nilipoona kosa langu. Niliposema nguvu za Allah ni nyingi zaidi, nilimweka kwenye ngazi ileile, ila kwenye kipandio cha juu. Na ngazi ikiwa na kipandio cha juu, mtoto ana haki ya kuuliza Goku atakifikia lini.

Qurani imekwisha kulizungumza jambo hili. Suratul-Muuminun, aya ya 91, inatufundisha kwamba lau wangekuwepo miungu wengine pamoja na Allah, kila mmoja angejitengea alichokiumba, na wangetaka kushindana wenyewe kwa wenyewe. Isome aya hiyo, kisha uyafikirie mashindano ya Zeno. Wanazuoni wa ilmul-kalam wana dalili wanayoiita tamanuu: wawili wakizuiana, yule anayezuiwa hawezi kuwa Mungu. Nami naongeza: ambaye jana alikuwa dhaifu kuliko leo ni kiumbe, hata akiweza kupasua sayari.

Mtu anaweza kuniuliza: na "Allahu Akbar" je, si kulinganisha? Ni kweli, akbar kwa Kiarabu ni tamko la kulinganisha, "mkubwa zaidi". Lakini ndani ya swala tano za faradhi tunalitamka mara 94, na hatumalizii hata mara moja kwa kusema "kuliko fulani". Ninavyoelewa mimi, pale pameachwa wazi kwa sababu hakuna kinachofaa kuwekwa.

Sisemi watoto wakatazwe kila katuni. Hadithi ya mnyonge anayeinuka kwa juhudi ni tamu kwa kijana wa hapa mpakani anayezunguka kutafuta kazi, na dini yetu nayo inataka tupande. Swali ni kwamba tunapanda kwenda wapi. Mtume (S.A.W.) alipandishwa mbinguni usiku wa Miraji, na huko ndiko swala ilikofaradhishwa. Lakini aya ya kwanza ya Suratul-Israa, inapoutaja usiku ule, inamwita "mja". Goku akifika juu anaitwa mungu. Mbora wa viumbe alipandishwa, naye akabaki mja wa Mola wake.

Wiki iliyofuata nilimrudia yule mtoto. "Nilikujibu vibaya. Niambie, Goku na mtu aliyemchora, nani atashinda?"

Akacheka. "Mwalimu, si ndiye aliyemchora!"

Nikamwambia ameanza kuelewa, ila asimfananishe Allah na mchoraji, maana mchoraji naye aliumbwa, na Machi 2024 alifariki. Akafikiri kidogo.

"Kwa hiyo hawapigani?"

"Hawapigani."

Wallahu aalam.