Rangi ya Askari wa Miguu

Anayepaka rangi visanamu vya askari wa Ulaya ya zama za kati hasumbuliwi na wafalme. Nembo zao zinajulikana: simba wa dhahabu juu ya nyekundu kwa Uingereza, mayungiyungi ya dhahabu juu ya buluu kwa Ufaransa. Unafuata tu. Anayenikalisha mezani usiku ni yule wa nyuma, askari wa miguu mwenye koti la vita la kitambaa, lililojazwa pamba au matambara na kushonwa mistari mistari mpaka likawa nene la kupokea pigo. Rangi ya nguo yake, mara nyingi, hakuna aliyejisumbua kuiandika. Namchagulia mimi, na kwa sababu hiyo nataka nimtendee haki.

Mtu mwenyewe tunamjua kidogo. Mwaka 1181 Mfalme Henry II wa Uingereza aliamuru kila mtu huru awe na silaha kwa kadiri ya mali yake. Wenye uwezo walitakiwa kuwa na dirii ya pete za chuma, kofia ya chuma, ngao na mkuki. Wa mwisho katika orodha, watu wa mijini na watu huru wengine wote, walitakiwa kuwa na koti la kitambaa, kofia ya chuma na mkuki. Hata matajiri walilivaa koti hilo, mara nyingi chini ya dirii. Huyu wetu hakuwa na cha kuweka juu yake.

Filamu zimetuzoesha kumwona wa rangi ya tope, toka kichwani hadi miguuni. Hapo ndipo ninapokataa. Katika kanisa kuu la Canterbury kumehifadhiwa koti la vita la mwana wa mfalme, Edward, aliyefariki mwaka 1376. Lilikuwa la mahameli nyekundu na buluu, lenye nembo zilizotariziwa kwa nyuzi za dhahabu. Baada ya kuning'inia juu ya kaburi lake kwa karne nyingi, limepauka likawa la kahawia. Ikiwa vazi la mwana wa mfalme limefika huko, itakuwaje kwa la mkulima? Tunachukua vumbi la miaka tukadhani ndiyo rangi waliyoivaa watu, kisha tunawavisha maskini wa zamani umaskini zaidi ya ule waliokuwa nao.

Basi mimi huanza na kitani ambacho hakikutiwa rangi: kijivu chenye umanjano kikiwa kipya, karibu na weupe kikishafuliwa na kuanikwa sana. Wengi wa askari wangu hubaki hapo. Wachache huwapa rangi zilizotoka kwenye mimea ya mashambani kwao: wekundu wa mizizi, buluu ya majani, na manjano ambayo ikikutana na buluu huzaa kijani. Kitani hakishiki rangi kama sufu, kwa hiyo nyekundu yangu huwa ya tofali, na buluu ni ile ya kanga iliyofuliwa miaka. Zambarau na nyekundu kali nawaachia mabwana, kwa kuwa zilikuwa za bei.

Kipo kitabu cha picha za Biblia kilichochorwa Ufaransa katikati ya karne ya 13, leo kiko New York, kwenye maktaba ya Morgan. Humo askari wa miguu wamevaa makoti haya, mistari ya mshono ikionekana wazi, na rangi zao hazifanani. Mchoraji alitaka ukurasa upendeze, kwa hiyo simfuati kwa kila kitu. Lakini hakuona ajabu kuwavika rangi.

Kinachonivutia kuliko vyote ni amri ya karne ya 15 ya Ufaransa, ya enzi za Louis XI, kwamba koti liwe la matabaka 25 au 30 ya kitambaa na ngozi ya kulungu, na kwamba kitambaa kilichokwisha kutumika kikalainika ndicho bora. Nguo kuukuu ilikuwa ngao! Tangu nilipolijua hilo, sipaki koti zima weupe mmoja. Rangi ya kwanza ikikauka, namimina wino mwembamba wa kahawia, ushuke wenyewe kwenye mishono na kutulia. Kisha kwa ncha ya brashi nainua migongo ya mistari: huu naupa weupe wa maziwa, ule wa pembeni weupe wa majivu. Begani, mkuki unapoegemea, naacha pachakae.

Sasa nina kundi la wapiga mishale wa Cheshire, huko Uingereza. Hawa, katika karne ya 14, walipewa mavazi ya sare, kijani upande wa kulia na nyeupe upande wa kushoto. Kijani cha wote nitakichanganya katika kisahani kimoja, kwa kuwa kilitoka kwa bwana mmoja. Kupauka ndiko kutakuwa kwa kila mtu na chake: aliyelima na koti lake msimu mzima hawezi kulingana na aliyelikunja sandukuni akisubiri kuitwa tena.