Kazi Nyingi Mkononi, na Haki ya Anayengoja

Ndugu yetu mmoja wa darsa ametuuliza swali ambalo tuliliona dogo mpaka tulipolikalia. Je, mtu aliyeahidi mambo matano ya kheri, kisha akayaweka matatu kando ili ayamalize mawili, ameikhini ahadi yake au ameitunza?

Twajibu kwanza kwa kujishitaki wenyewe. Sisi wa darsa ya Mugutha tulianza kwa mwaka mmoja kisima, chumba cha madrasa, mfuko wa mazishi, mafunzo ya jioni kwa vijana, na gazeti hili dogo. Kila jambo lilikuwa jema, na kila moja lilikuwa na mtetezi wake kikaoni. Mwaka ulipokwisha, kisima kilikuwa shimo la futi 20 lililofunikwa mabati, kuta za chumba hazijafika madirishani, na gazeti limetoka mara moja tu. Watu husema mshika mbili moja humponyoka. Sisi tulishika tano, wala haikuponyoka hata moja; zote zilituozea mkononi.

Bibi mmoja mkongwe alikuwa ametupa kuku wake wawili tuwauze kwa ajili ya kisima. Kila Ijumaa alituuliza, “Wanangu, maji yamefika?” Nasi tukamjibu, “Karibu, mama.” Fedha yake hatukuila, walakini tuliitia katika mawe ya chumba, naye hakuitoa kwa ajili ya mawe.

Yuko atakayesema: mpe kila mwenye haki kidogo kidogo, huo ndio uadilifu. Nasi tulidhani hivyo. Basi natupige hesabu. Fundi cherehani amepokea kanzu nne za watu wanne, na kila kanzu ni kazi ya siku moja. Akimaliza moja ndipo ashike nyingine, wa kwanza atavaa siku ya kwanza, wa pili siku ya pili, na wa mwisho siku ya nne. Lakini akishona robo ya kila kanzu kila siku, ili awaridhishe wote, hapana avaaye kabla ya siku ya nne. Yule wa mwisho hakupunguziwa hata saa moja, na watatu wa mwanzo wamecheleweshwa bure. Wala hatujahesabu muda upoteao katika kukunja kitambaa hiki na kutafuta uzi wa kile. Hiyo ni dhulma isiyomfaa yeyote ila fundi mwenyewe, apataye raha ya kutomwambia mtu, “Ngoja.”

Na kazi kubwa isiyokwisha kwa siku wala kwa mwaka? Hiyo hukatwa vipande. Sheikh Abdullah Saleh Farsy aliitoa tafsiri yake ya Kurani sehemu baada ya sehemu, na ilipokamilika mwaka 1969 wengi walikuwa wamekwisha kunufaika na sehemu za mwanzo.

Wazee wa upande huu, waliofanya kazi katika mashamba ya kahawa kati ya Ruiru na Thika kabla ya mengi kukatwa viwanja, walilijua jambo hili bila ya kalamu. Mbuni ukikatwa ukabaki kisiki, huchipuza machipukizi mengi kwa pamoja. Mkulima huacha mawili au matatu, na yaliyobaki huyaondoa yangali machanga, ingawa kila moja lingeweza kuzaa. Mti ulioachiwa kuzaa kupita nguvu zake hukauka matawi kuanzia nchani. Hata Ruiru 11, mbegu iliyotolewa mwaka 1985 na watafiti wa kahawa wa hapo Ruiru, nayo hustahimili chulebuni na kutu ya majani, haikusamehewa kisu.

Walakini mfano wa mbuni una mahali unapokoma. Chipukizi lililoondolewa halina mtu aliyeahidiwa, kisima kinaye. Kwa hiyo twaona kwamba anayeahirisha yampasa aliandike jambo, kisha amwendee mwenye haki na kumwambia waziwazi: lako ni la tatu, hatutaligusa kabla ya haya mawili kwisha, na ukitaka kurudishiwa ulichotoa, hiki hapa. Asiyeweza kuyasema hayo ana kwa ana hakuahirisha, amekimbia.

Wala si kila jambo hupangwa foleni. Deni lililofika wakati wake, mgonjwa na maiti hawangojeshwi. Ndiyo maana kazi zilizo mkononi ziwe chini kidogo ya uwezo wetu, dharura ikija ipate pa kukaa.

Sisi tulirudi kikaoni tukabakisha mawili, kisima na mazishi, na mawe ya chumba tukayauza. Ndugu aliyeitetea madrasa alikasirika, na haki yake ya kukasirika hatuikani. Gazeti lilisimama miezi saba. Maji yalipatikana mwezi wa Rajabu. Bibi yule akaja na ndoo yake, akateka, kisha akatuuliza kuku wake waliuzwa kwa bei gani. Hatukuwa tumeandika.