Usalama wa Nchi na Ahadi ya Mbunge

Bismillahir Rahmanir Rahim.

Ndugu zetu Waislamu, Gatwekera ni kijiji kimoja katika vijiji vya Kibera, huko Nairobi. Wengi wa wakaazi wake si Waislamu, na wengi wetu hapa pwani hatujapata kukanyaga huko. Msomaji ana haki ya kuuliza: sisi na Gatwekera tuna nini? Jawabu ni kuwa kura za watu wa kijiji hicho na za majirani zao ndizo zilizompeleka Bungeni marehemu Raila Odinga, mbunge wa Langata tangu 1992 hata 2013, zamani Kibera ilipokuwa ndani ya Langata. Na yeye ndiye aliyetiliana sahihi na viongozi wetu mwaka 2007 juu ya jambo lililokuwa likitunyima usingizi, nalo ni kushikwa kwa watoto wetu kwa jina la ugaidi.

Kabla ya kufika huko, yako maneno ambayo hatuna budi kuyasema wazi, kwani wako miongoni mwetu ambao wakitajiwa haya huinamisha macho na kubadilisha mazungumzo. Tarehe 7 Agosti 1998 katika Nairobi peke yake waliuawa watu 213, wengi wao wapita njia na makarani waliokuwa kazini. Mwaka 2002 ikawa Kikambala, mlangoni petu. Mwaka 2013 ikawa Westgate, watu 67. Tarehe 2 Aprili 2015 katika chuo kikuu cha Garissa wakauawa watu 148, takriban wote wanafunzi, na wauaji wakiwatenga Wakristo na Waislamu kabla ya kuwapiga risasi. Mwenyezi Mungu amebainisha katika Suratul Maida, aya ya 32, uzito wa kuiua nafsi moja isiyo na hatia, kuwa ni kama kuwaua watu wote. Mwenye kuliita tendo la Garissa jihadi ameizulia dini. Hili halina khitilafu, wala halihitaji "walakini" baada yake.

Basi serikali ina wajibu wa kulinda roho za watu. Ila swali ni njia gani inayoshikwa katika kuzilinda. Mwaka 2003 uliletwa mswada wa kuzuia ugaidi, na ndani yake mtu aliweza kutiwa hatiani kwa namna alivyovaa, ikiwa mavazi yake yamtia mtu shaka kuwa ni wa kikundi kilichopigwa marufuku. Mswada ule ulipingwa na Waislamu, na wanasheria, na watu wa makanisa pia, ukawekwa kando. Lakini kuwekwa kando kwa mswada hakukuzuia vitendo. Mwanzo wa mwaka 2007, vita vilipopamba moto Somalia, watu walishikwa Kenya wakapakiwa ndege usiku, wakapelekwa Somalia na Ethiopia bila ya kusimamishwa mbele ya kadhi wala hakimu. Kijana mmoja wa Kenya alishikwa hapa Mombasa, akaishia Guantanamo. Alirejeshwa kwao Desemba 2024, baada ya miaka zaidi ya kumi na saba, na katika miaka yote hiyo hakushitakiwa kwa kosa lolote.

Hapo ndipo yalipokuja mapatano ya tarehe 29 Agosti 2007, baina ya Raila Odinga, aliyekuwa akigombea urais, na baraza la viongozi wa Kiislamu. Suala la watu waliotolewa nchini lilikuwa kubwa ndani yake. Kabla ya watu kuyasoma mapatano yenyewe ukazuka waraka wa uongo uliodai kuwa ameahidi kuwatawalisha watu kwa sharia, fitina ikaenea makanisani mpaka waraka wa kweli ulipotolewa.

Twaamini kuwa maoni yake yale hayakuwa ya kutafutia kura tu. Yeye mwenyewe alifungwa miaka mingi bila ya hukumu baada ya jaribio la mapinduzi la 1982, na aliyeonja kizuizi hahitaji kuelezwa uchungu wake. Lakini insafu yatutaka tuseme na yaliyofuata. Akawa Waziri Mkuu mwaka 2008. Oktoba 2011 jeshi la Kenya liliingia Somalia, naye aliliunga mkono. Hata ilipofika 2014, akiwa nje ya serikali, akataka jeshi hilo lirudi. Na Oktoba 2012, yeye angali Waziri Mkuu, Sheria ya Kuzuia Ugaidi ikatiwa sahihi, ikawa ndiyo sheria ya nchi.

Hatumsemi maiti kwa ubaya. Amekwenda kwa Mola wake Oktoba 2025. Twajisema sisi. Katika Suratul Israa, aya ya 34, tumeamrishwa kutekeleza ahadi kwani ahadi itaulizwa. Wengi hudhani aya hii yamhusu mwenye kuahidi peke yake. Je, aliyeahidiwa, akapokea karatasi, akaikunja akaitia mfukoni, hana la kuulizwa? Wako masheikh na wanasheria wetu walioupeleleza mswada wa 2012 wakapeleka maoni yao, na baadhi ya vifungu vikabadilishwa. Mungu awalipe. Lakini barazani kwetu, kwenye kahawa, ni wangapi waliojua hata kuwa mswada upo? Sisi twamjua mbunge siku anapokuja na mchele wa Ramadhani. Siku anaponyanyua mkono Bungeni hatumjui.

Na yawezekana kufuatilia. Desemba 2014 Bunge lilipitisha mabadiliko ya sheria za usalama huku wabunge wakipigana na kumwagiana maji. Wapinzani na tume ya haki za binadamu wakaenda Mahakama Kuu, na tarehe 23 Februari 2015 majaji watano wakavifuta vifungu vinane. Walishinda kwa kukisoma kila kifungu.

Sasa turudi Gatwekera. Kijana wa kule akikutwa usiku njiani, anwani yake yamtosha kuwa mwizi. Agosti 2017, baada ya matokeo ya uchaguzi, polisi walipiga watu risasi Kibera na Mathare. Kijana wa Majengo, hapa Mombasa, ndevu zake zamtosha kuwa gaidi. Maradhi ni mamoja, nayo ni dhana, ambayo Suratul Hujurat imetuonya nayo, na katika sura hiyo hiyo twaamrishwa kupeleleza khabari kabla ya kuwadhuru watu kwa ujinga. Mtume (S.A.W.) ameweka kuwa ushahidi ni juu ya mwenye kudai. Kanuni hii haikuwekwa kwa ajili ya Waislamu tu. Laiti tungalisimama na mama wa Gatwekera alipolia, nasi tungekuwa na uso wa kumwomba asimame nasi.

Mtu ataniambia: "Je, mhalifu afichwe kwa kuwa ni wetu?" Hasha. Suratun Nisaa, aya ya 135, yatuamrisha kushuhudia haki ijapokuwa juu ya nafsi zetu, na wazazi, na jamaa. Baba ajuaye kuwa mwanawe anaitwa usiku na watu wa silaha, akanyamaza kwa kuona haya, amemdhulumu mwanawe na atakaouawa naye. Na Mtume amesema ndugu yako umsaidie akidhulumu kama umsaidiavyo akidhulumiwa, na kumsaidia anayedhulumu ni kumshika mkono.

Darasa letu litaanza kuisoma Sheria ya 2012 kifungu kwa kifungu, kwa Kiswahili, usiku wa Jumamosi baada ya sala ya Isha. Mwenye nakala aje nayo, na mwenye kijana nyumbani aje naye.