Mtoto Mtundu na Tumbo la Pili



Vijana wenzangu, leo tutafakari swali ambalo linaonekana dogo, ila liko karibu kwenye kila nyumba: mtoto wa kiume wa miaka miwili, yule asiyetulia hata dakika moja, ana kosa gani? Najua kuna atakayesema, "Frateri, wewe huna mtoto, na huko unakokwenda hutakuwa naye. Utatuambia nini kuhusu malezi?" Ni kweli. Lakini mimi ni mjomba, na mjomba naye hukimbizwa.

Huku kwetu Suguti, kando ya Ziwa Victoria, mtoto wa namna hii ana kazi nyingi sana. Jogoo hajamaliza kuwika, yeye ameshaamka. Mama anaanika dagaa mwaloni, yeye anapita juu yake. Ukimtoa kwenye dagaa anakwenda kwenye mafiga, ukimtoa kwenye mafiga anaelekea majini. Akiokota kandambili inakuwa simu, anampigia bibi. Kila mtumbwi unaorudi lazima aupigie kelele. Ukimwona kwa nusu saa utacheka mpaka mbavu ziume. Ukimlinda tangu asubuhi, jioni utatamani kulia. Na mama yake anayo yote mawili, kicheko na machozi, siku hiyo hiyo moja.

Sasa tunamwitaje mtoto huyu? "Mtundu." "Mtukutu." "Huyu ameshindikana." Angalia hapo: jina limeshatoa hukumu kabla hatujauliza swali.

Aristotle, katika kitabu chake cha maadili, alitenganisha vitu viwili. Mtoto mdogo hutenda kwa hiari, maana hakuna anayemsukuma, lakini bado hatendi kwa uchaguzi, kwa sababu kuchagua kunahitaji kukaa na kupima. Mtoto wa miaka miwili anaona maji, anayataka, anakwenda. Basi. Mtakatifu Thoma wa Akwino naye alifundisha kwamba hisia na misukumo yetu, ikiangaliwa yenyewe tu, si mema wala mabaya. Inapata uzito wa kimaadili pale akili na utashi vinapoishika. Sheria ya Kanisa, kanuni ya 97, inamhesabu mtoto ambaye hajatimiza miaka saba kuwa bado hawezi kuwajibika kwa matendo yake. Hata sheria ya nchi yetu, Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009, kifungu cha 13, inasema hakuna adhabu inayokubalika ikiwa mtoto, kwa udogo wake, hawezi kuelewa lengo la adhabu hiyo.

Kwa hiyo jibu la kwanza ni hili: hana kosa. Ana nguvu tu, na hizo nguvu ni zawadi. Tena kila anapouliza "nini hii?" mara mia kwa siku, anafanya kile ambacho Aristotle alisema ndicho mwanzo wa falsafa: anashangaa.

Lakini jibu hilo peke yake halimsaidii mama aliyechoka. Anafanyaje na hizo nguvu? Hapa Mtakatifu Thoma ana picha ambayo mimi binafsi siichoki. Katika Summa yake anasema kwamba mtoto kwanza hukaa ndani ya tumbo la mama. Akishazaliwa, kabla hajaanza kutumia akili, anaendelea kuwa chini ya ulinzi wa wazazi kama ndani ya tumbo la kiroho.

Tumbo la pili! Fikiri kidogo. Mimba ikiwa ya miezi saba, mtoto akarusha teke, mama anafanya nini? Anatabasamu. Anamwita mume wake, "Njoo ushike hapa." Teke ni habari njema, maana mtoto yuko hai. Hakuna anayelipiga tumbo kwa sababu mtoto amerusha teke. Sasa miaka miwili baadaye mtoto ni yule yule na teke ni lile lile, ila limehamia kwenye beseni la dagaa, na sisi tunatafuta fimbo. Kilichobadilika ni nini? Bado yuko tumboni. Tumbo tu ndilo limekuwa kubwa.

Najua pingamizi lipo. "Frateri, utatuharibia watoto. Mchelea mwana kulia hulia yeye." Sawa kabisa, methali hiyo ni ya kweli. Lakini inamkataza mzazi kuogopa kilio cha mtoto, yaani kuogopa kumwambia hapana. Haijasema umpige. Na tumbo nalo lina kuta: mtoto wa tumboni hurusha teke, ila haendi anakotaka. Ziwa haliangalii umri, na moto hausamehe. Mshike mkono kwa nguvu, mwondolee kisu, mfungie mlango, na akilia mwache alie, huku ukiwa naye. Hizo ndizo kuta.

"Na Mithali 13:24 je?" Soma tena Biblia yetu ya Kiswahili. Inasema anayempenda mwanawe *humrudi*. Ni neno zuri sana hilo. Ndani yake nasikia kurudi: kumrudi mtoto ni kumrudisha. Ameelekea ziwani, unamrudisha. Ameenda tena, unamrudisha tena. Mara ya kumi na moja mkono unapotaka kupanda, jiulize swali moja la uaminifu: namfundisha, au natuliza hasira yangu? Mtoto atakumbuka ulivyomrudisha hata kama hatakumbuka sababu.

Na kwa kuwa ni wa kiume, kuna kosa lingine kinyume cha fimbo. "Mwache, dume hilo!" Anampiga dada yake, tunacheka. Hilo nalo ni tumbo lisilo na kuta. Anayepigwa ovyo na anayeachwa ovyo wote wamezaliwa kabla ya siku zao.

Hapa sasa nakuja kwetu sisi vijana. Tumbo la kwanza ni la mama peke yake, hakuna anayeweza kumpokea mzigo. Tumbo la pili linaweza kubebwa na wengi: baba, bibi, shangazi, mjomba, msimamizi wa ubatizo, jumuiya nzima. Ndiyo maana inauma tukiwa kwenye Misa, mtoto anakimbia kuelekea altareni, na sisi tunageuza shingo kumtazama mama yake kwa jicho kali. Mama anambeba, anatoka nje. Jumapili ijayo haji. Yesu alichukizwa na wanafunzi waliowazuia watoto (Marko 10:14). Macho yetu nayo yanaweza kuzuia, bila neno hata moja.

Katika Hosea 11 Mungu mwenyewe anajieleza kama mzazi anayemfundisha Efraimu kutembea, akimshika mikono. Maana yake Mungu anajua uchovu wa kuinama mgongo siku nzima nyuma ya mtoto. Na sisi ndio tuliokuwa tunakimbilia ziwani. Ameturudisha mara ngapi?

Tendo la wiki: mtafute mama mmoja mwenye mtoto mtundu, jirani au kanisani. Usimpe ushauri. Mwambie, "Dada, nipe mtoto nikae naye saa moja, wewe pumzika." Uone utakavyokimbizwa.

Tusali: Ee Bwana, uliyetushika mikono tulipokuwa hatujui kutembea, wape wazazi wetu uvumilivu, na sisi utupe mikono ya kuwasaidia. Amina.