Mgeni Ajaye na Kitanda Chake

Mwezi wa Desemba, shule zifungwapo, njia zetu hujaa watu waendao kwao. Walio wengi hupanda basi, wengine wana magari yao. Na siku hizi wako wachache waendao kwa gari la kulala, yaani gari lenye vitanda, jiko na tangi la maji ndani yake. Ulimwenguni si jambo jipya. Kiwanda cha Volkswagen cha Ujerumani kilianza kutoa Kombi zake mwaka 1950, na haukupita muda mrefu mafundi wa huko wakaanza kuzitia vitanda na meza. Kwetu magari ya namna hii hukodishwa zaidi na watalii waendao kutazama wanyama, nao wanyama hawana desturi ya kumwandalia mtu chakula. Lakini neno letu leo lamhusu yule alitumiaye kuwaendea ndugu zake. Twauliza hivi: mtu aendaye kumwamkia mama yake kijijini, kisha akala chakula chake mwenyewe na kulala garini mwake, je, amemtembelea?

Tuwaze jamaa moja, baba, mama na watoto wanne, watokao Dar es Salaam kwenda Mbinga, katika milima ya Wamatengo. Safari yao yapita kilomita 1,000, na mvua za kusini huanza karibu na Desemba zikaendelea hata Aprili, hivyo Krismasi huangukia katikati ya matope. Wachokapo huliegesha gari mahali pa salama, wakafunga milango, wakalala, huku mvua ikipiga juu ya bati. Kwa hilo hatuna neno la kulaumu. Baada ya Rhodesia kujitangazia uhuru mwaka 1965, malori ya mafuta ya Zambia yalipitia Iringa katika njia ya udongo, hata ikapewa kwa Kiingereza jina lenye maana ya mbio za jehanamu. Lami ilikuja miaka ya 1970. Dereva aliyekwama huko usiku wa mvua angalishukuru sana kupata kitanda kikavu.

Basi taabu haiko njiani. Iko mlangoni.

Lami imekwisha, gari limeingia njia ya kijiji, na udongo mwekundu umelishika magurudumu. Vijana waliokuwa wakipanda mahindi wanaacha majembe, wanakata matawi na kuyatandika, wanasukuma hata gari linatoka. Mtu aliyepanga safari ya kutomhitaji yeyote amehitaji mabega ya watu asiowajua majina. Kisha afika kwa mama yake, aamkia, aitikiwa, na neno lake la kwanza baada ya salamu ni hili: "Mama, usijisumbue. Sisi tuna kila kitu garini."

Hasemi hivyo kwa kiburi, na yatupasa kumtendea haki. Ameona kwamba jiko la mama lavuja na kuni zake ni mbichi. Ajua kwamba wakilala ndani, mama atawapa kitanda chake naye ajinyoshe juu ya mkeka. Ajua pia kuwa jogoo yule aliyeko uani hataiona kesho. Kumwepusha mzee na taabu hiyo si upendo?

Ni upendo, lakini ni nusu yake. Tazama asubuhi yake. Mvua yanyesha, milango ya gari imefungwa, na mama mzee, amejitanda khanga kichwani, ameshika birika la chai, asimama matopeni uani pake na kusema, "Hodi." Mwenye mji abisha hodi kwa mgeni! Akijibiwa kwa sauti ya upole kwamba wamekwisha kunywa chai, atarudi na birika lake. Hakuna aliyemtukana, lakini hapo uani, mbele ya nyumba aliyoijenga na marehemu mumewe, amekuwa mtu asiye na kitu kinachohitajiwa.

Aristotle, akimweleza mtu mwenye roho kuu, alisema kwamba mtu huyo hupenda kutenda wema lakini huona haya kutendewa, maana atendaye yu juu na atendewaye yu chini. Mtakatifu Tomaso wa Akwino alijitahidi kuyalainisha maneno hayo, akayaeleza kuwa ni hamu ya kurudisha fadhili kwa kipimo kikubwa zaidi. Sisi twaona kuwa hata hivyo maneno hayo hayafai kuingizwa katika nyumba ya mama. Mwaka mzima mama huyu hupokea: fedha kwa simu, dawa, pengine mbolea. Hupokea na kushukuru, hupokea na kushukuru. Siku za mgeni ndizo siku zake za kutoa. Mwana akikataa na siku hizo, amejiwekea yeye peke yake heshima ya kutoa. Bwana wetu alipochoka penye kisima cha Samaria alianza kwa kumwomba maji yule mwanamke.

Tena wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Wengi hulidhani neno hilo ni la kumfukuza mtu. Katika msimu wa kupanda, twaona jembe ni heshima: maana yake ugeni umekwisha, wewe sasa ni mtu wa hapa. Mwenye gari la kulala haifikii siku ya tatu hata akikaa juma zima, kwa kuwa hakuna atakayethubutu kumkabidhi jembe mtu ambaye hajala ugali wake.

Labda msomaji atasema: wako wazee wanaokopa ili kumkirimu mgeni, na mgeni akiisha kwenda hubaki na deni. Ni kweli, na ni jambo baya. Heshima ya mwenyeji isiwe njia ya kumfilisi. Lakini dawa yake haimo katika kujifungia garini. Mchele, sukari na mafuta na vishushwe vikabidhiwe jikoni kwa mama, avipike na kuvigawa yeye, wala visipikwe garini. Binti za mjini na wachote maji. Baba na akwee juu akazibe pale panapovuja, maana mvua imemwonyesha mahali penyewe. Na mama akisema wajukuu watalala kwake juu ya mkeka, na walale, hawatavunjika.

Gari nalo halitakosa kazi. Kigangoni ni mbali, njia inateleza, na mkesha wa Krismasi wako wazee wengine pale jirani ambao miguu yao haiwezi tena matope.