Hewa ya Garissa Ni ya Nani?

Tumbukiza kipande cha mkaa ndani ya maji uone vipovu vinavyopanda. Mkaa umejaa vitundu vidogo sana; hewa inatoka, maji yanaingia. Vitundu hivyo vimejitokea tu wakati kuni zinaungua. Sasa fikiria mtu anayekaa maabara na kuvipanga, molekuli kwa molekuli, kila kitundu saizi anayotaka.

Omar Yaghi anafanya hivyo. Alizaliwa Amman, Yordani, mwaka 1965, katika familia ya wakimbizi wa Kipalestina, nyumba isiyo na umeme wala maji ya bomba. Mwaka 2025 yeye, Susumu Kitagawa na Richard Robson walipewa Tuzo ya Nobel ya Kemia kwa vitu vyenye vitundu vinavyounganisha metali na molekuli za kaboni. Tangu 2005 timu yake ilikuwa imeonyesha pia aina isiyo na metali kabisa. Gramu moja tu ya baadhi ya vitu hivi, ukiweza kuikunjua, uso wake wa ndani ungekaribia kufunika uwanja wa mpira.

Na sisi huku inatuhusu vipi? Baadhi yake hunyonya unyevu wa hewa usiku, hata hewa kavu ya jangwani. Jua likipiga, mvuke unatoka, unapoozwa, unakuwa maji. Mtu wa Garissa akisikia hivyo hawezi kunyamaza. Huku kuna Mto Tana, lakini ukitoka kando ya mto unategemea visima, silanga na lori la maji. Kambi za Dadaab zinakunywa maji ya chini ya ardhi, ya mwamba wa Merti.

Swali langu si kama itafanya kazi. Ni hili: maji yakitoka hewani, ni ya nani?

Kwa maji ya kawaida tuna jibu, hata kama hatulifuati kila siku. Dini inatufundisha kwamba watu ni washirika katika maji, malisho na moto. Mwenye mkokoteni wa punda anayekuletea jerikeni hakuuzii Tana. Anakuuzia miguu ya punda na jasho lake. Aliyechimba kisima ana haki ya kutangulia kunywesha ngamia wake, lakini mpita njia mwenye kiu hafukuzwi. Tunalipia kazi, hatulipii maji.

Basi tuseme mwanakemia naye ni mchimba kisima, alipwe jasho lake. Sawa kabisa. Miaka ya maabara si bure, na bila malipo nani atajaribu tena?

Lakini kuna tofauti moja. Jirani akininyima kisima, nachukua sululu nachimba changu. Siku moja huenda nitafika maji, na yeye analijua hilo, kwa hiyo anapunguza ubahili. Molekuli yenye hataza siwezi kuichimba hata nikiwa na akili ya kuielewa. Hataza kwa kawaida ni miaka 20. Dadaab ilianza 1991. Hapo miaka 20 ni mtoto kuzaliwa, kusoma na kupata mtoto wake, bado yuko kambini.

Utaniambia mwenye hataza anamiliki sponji tu, hewa ni ya wote. Kwa karatasi, ndiyo. Lakini pale ambapo hakuna maji mengine, anayeshika sponji ameshika kiu yako.

Kwa hiyo mashine ya kwanza ikiteremshwa Hagadera au Ifo, watu wapige makofi, wapige picha. Halafu kabla ya kuuliza inatoa lita ngapi, mtu mmoja aulize: ikiharibika, nani hapa ana ruhusa ya kuifungua, na nani atamfundisha kutengeneza nyingine? Kama jibu ni hakuna, basi hicho si kisima. Ni lori la maji ambalo dereva wake yuko mbali zaidi.